Lesvos, Kisiwa cha Vinara wa Angani

Ifikapo wiki ya mwisho ya Aprili, hoteli ndogondogo za Skala Kallonis hujaa wageni wasio na haja na bahari. Ufuko upo, maji yapo, jua limeanza kukolea. Lakini wao wamelipa nauli kutoka Uingereza, Uholanzi na Uswidi ili saa kumi na mbili asubuhi wawe wamesimama kando ya mashamba ya chumvi, darubini shingoni, wakibishana kwa sauti ya chini juu ya kitwitwi mmoja aliye mbali. Chai itasubiri.

Kisiwa ni Lesvos, cha tatu kwa ukubwa Ugiriki nzima baada ya Krete na Evia. Ukubwa wake, kilomita za mraba 1,630 hivi, haupishani sana na wa Unguja, na kimejibanza ubavuni mwa Uturuki hata mlango wa bahari ulio kati yao, pale palipo pembamba, hauzidi sana kilomita kumi. Ghuba mbili zimekula ndani ya nchi kavu, Gera na Kalloni, na hii ya Kalloni yenye mdomo mwembamba ndiyo inayowavuta ndege, na ndege ndio wanaowavuta watu. Ndege wanaotoka Afrika wamekwisha kuvuka Sahara, wamevuka na bahari. Wakiona kijani hushuka. Upepo wa kaskazini ukivuma usiku pamoja na mvua, asubuhi kila kichaka huwa na mgeni hoi asiyejali hata ukimkaribia, na hapo kiongozi wa msafara husahau ratiba aliyoipanga.

Aina za ndege zilizowahi kuonekana kisiwani zimepita 300, na kundi lenye bahati huweza kupata kama 150 kwa wiki moja. Hesabu hufanywa usiku. Baada ya chakula kiongozi hufungua daftari na kusoma majina yote, moja baada ya jingine. Waliomwona ndege husema ndiyo, waliomkosa hunyamaza, na aliyemwona peke yake hubanwa kwa maswali kama shahidi kizimbani. Alikuwa wapi? Mkia wake vipi? Jua lilikuwa upande gani? Nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya kipanga mmoja.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika shughuli hii kila mtu ana orodha yake ya vinara. Nyingi humtanguliza heroe, kwa kuwa ni mrefu, ana waridi mabawani, na hatulii popote isipokuwa mahali pazuri pa kupigia picha. Msomaji aliyewahi kuliona Ziwa Natron au Bogoria likiwa limefunikwa na heroe hatashtushwa na makundi ya Kalloni. Mimi namweka kando. Vinara wa kweli wa Lesvos ni wadogo, wengi wao wana rangi ya vumbi, na wengi walikuwa kwetu majuma machache tu yaliyopita.

Adimu kuliko wote

Huyu nakiri hajawahi kuja kwetu, wala hana mpango. Jina lake la kitaalamu ni Sitta krueperi, kwa heshima ya Mjerumani Theobald Krüper aliyekusanya ndege katika nchi hizi karne ya 19. Karibu dunia yake yote ni Uturuki, akivuka kidogo kuingia Kaukazi. Katika Umoja wa Ulaya huzaliana mahali pamoja tu: misitu ya misonobari ya Lesvos.

Pa kumtazama ni Achladeri, mashariki ya ghuba. Basi dogo huegeshwa kando ya barabara na watu huingia msituni kwa mguu, wakikanyaga sindano za misonobari. Kiongozi anayeijua kazi yake hatafuti matawi ya juu, hutafuta visiki. Kindege hiki cha gramu 12 hivi huchimba tundu lake mwenyewe katika mti uliokufa na kuanza kuoza, mara nyingi chini chini, kimo cha mtu. Ukisimama hatua za kutosha nyuma utamwona dume akija na mdudu mdomoni: mgongo wa kijivu cha samawati, kofia nyeusi inayoishia utosini, na kifuani doa la rangi ya tofali lililokaa mahali pa tai. Hutua juu ya tundu, hushuka shina kichwa chini miguu juu, huingia, hutoka na uchafu wa kinda, huruka. Yote hayo ni sekunde chache. Wageni hungoja nusu saa kwa ajili ya sekunde hizo na huondoka wameridhika. Kitu kinachomlinda ndege huyu ni uvivu mtakatifu wa kutokusafisha msitu: visiki vikiondolewa ili misonobari ionekane nadhifu, naye ataondoka.

Ana ndugu upande wa pili wa kisiwa, na huyo ninampa taji la fundi mwashi. Sitta neumayer haishi msituni bali kwenye miamba mikavu ya magharibi, ambako hakuna kisiki cha kuchimba. Basi hujenga. Hubeba tope kwa mdomo, tonge baada ya tonge, akalibandika chini ya mwamba uliojitokeza mpaka apate chungu kilichofungwa chenye shingo fupi ya kuingilia. Kikikauka kinakuwa kigumu kama saruji. Wawili hawa ni wa jenasi moja na wana mwili ule ule mnene usio na shingo. Mmoja seremala, mwingine mwashi, na kati yao ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

Huko huko magharibi, kuzunguka monasteri ya Ipsilou iliyojengwa juu ya kilima cha volkano, yumo Emberiza cineracea, ndege wa kijivu mwenye kichwa cha manjano iliyofifia. Katika Ulaya makao yake ni visiwa vichache vya Aegean, Lesvos ikiongoza, na wakati wa baridi hukimbilia pande za Bahari ya Shamu: Sudan, Eritrea, Yemen. Kwa waweka orodha ni lulu. Kwa kumtazama, na wanisamehe mashabiki wake, ni shomoro aliyepauka.

Juu kupita Kilimanjaro

Kando ya ziwa dogo la Metochi utamsikia kabla hujamwona, na pengine hutamwona kabisa. Kelele nzito, ya kukwaruza, inatoka katikati ya matete na haikomi. Mwenye kelele ni Acrocephalus arundinaceus, ndege wa kahawia asiye na alama ya kukumbukwa, uzito wake gramu 30 hivi.

Mwaka 2021 Sissel Sjöberg wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwafunga ndege hawa vifaa vidogo vinavyopima mgandamizo wa hewa. Ilijulikana kwamba husafiri usiku. Kilichoonekana ni kwamba wakifika kwenye bahari au jangwa, ambako hakuna pa kutua, baadhi yao huendelea kuruka hata kukicha. Na kunapokucha, hupanda. Usiku walikuwa kwenye mita 2,400 kwa wastani. Mchana wakafika 5,400, na mmoja alirekodiwa kwenye mita 6,267. Maelezo yanayoaminika zaidi ni jua: mwili unaofanya kazi ngumu namna ile, ukipigwa na jua juu yake, utachemka, kwa hiyo ndege hutafuta baridi kali ya juu. Jua likizama, hushuka tena.

Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Mtu anayefika pale amepandishwa taratibu kwa siku kadhaa, mizigo yake imebebwa na wapagazi, na bado anatweta. Huyu wa gramu 30 anafika kimo hicho na kukipita huku akipiga mabawa, hana chakula ila mafuta aliyojiwekea chini ya ngozi, na akishatua Metochi jambo la kwanza analofanya ni kuimba ili ampate mke.

Kuna anayempita. Katika miaka fulani ya mvua, kwenye mabwawa ya malisho kuzunguka Kalloni, hutokea sululu mkubwa, Gallinago media, ndege mnene mwenye mdomo mrefu anayejificha nyasini hadi karibu umkanyage. Waliofuatiliwa kutoka Uswidi walionekana wakiruka hadi karibu kilomita 6,800 bila kutua, kuelekea Afrika ya kati, kwa kasi iliyofikia kilomita 97 kwa saa. Na katika utafiti mwingine, pia wa 2021, mmoja alipanda hadi mita 8,700. Hapo Everest imebaki na mita mia na ushei tu za kujivunia.

Rekodi yenyewe ya dunia ya kimo, hata hivyo, inashikwa na tumbusi wa Afrika: mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye mita kama 11,300. Eduard Rüppell, msafiri Mjerumani aliyezunguka Misri na Ethiopia, ana ndege wa jina lake Lesvos pia. Huyu wa Lesvos ni mdogo, koo jeusi, masharubu meupe, jicho jekundu, na hukaa vichakani juu ya bahari huko Kavaki, kaskazini. Mtu mmoja, ndege wawili, mmoja wa kilo saba hivi na mwingine wa gramu kumi na kitu. Nadhani hakuna mwingine aliyepewa heshima kwa mizani iliyopinda namna hii.

Rekodi ya kasi ya kozi anayepiga mbizi kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa naiacha. Kila mtu anaijua, na asilimia kubwa ya wanaoitaja hawajawahi kumwona akifanya hivyo.

Wasiotua

Mchana wa joto, makundi ya teleka hukatiza juu ya paa za Mytilene yakipiga kelele. Wale wa kawaida walipimwa na Anders Hedenström, naye wa Lund, na matokeo yakatoka mwaka 2016: baadhi yao, wakishaondoka kiotani, hukaa angani miezi kumi mfululizo. Hula angani, hunywa angani, na kwa kadiri inavyofahamika hulala angani. Miezi hiyo kumi wengi huimaliza juu ya Afrika, kusini ya Sahara, misitu ya Kongo ikiwamo. Teleka wakubwa wenye tumbo jeupe, ambao pia huonekana kisiwani, walitangulia katika vitabu: Felix Liechti wa Uswisi alionyesha mwaka 2013 kwamba waliruka siku 200 bila kutua. Kwa hiyo teleka anayepita juu ya kichwa cha mgeni pale Mytilene huenda hajakanyaga kitu tangu mwaka jana. Mgeni kwa kawaida hamtazami. Anatafuta kitu adimu.

Mchelewaji mkuu

Ndege wote huharakia kuzaa. Kozi wa Eleonora haharaki. Hutokea Lesvos mwishoni mwa Aprili, mwembamba, mabawa marefu kama mundu, akikamata wadudu juu ya mabonde na kuwala papo hapo akiwa angani, bila dalili yoyote ya kujenga familia. Mei inapita. Juni inapita. Mayai hutagwa kuanzia Julai kuelekea Agosti, wakati makinda ya ndege wengine yamekwisha kuota manyoya na kujitegemea.

Hesabu yake ni ya kikatili na ni safi kabisa. Makinda ya kozi huyu huanguliwa mwishoni mwa Agosti, na hapo ndipo mamilioni ya ndege wadogo wa Ulaya wanapoanza kushuka kusini kuvuka bahari, wengi wao wakiwa wa mwaka huo huo, hawajui njia. Kozi husubiri juu ya visiwa vitupu, mbele ya upepo, wakiwa wametandazwa angani, na chakula huja chenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya kozi hawa wote duniani huzaliana Ugiriki, wengi katika visiwa vidogo vya Aegean visivyo na mtu. Vuli ikiisha nao hufuata mkondo ule ule waliokuwa wakiuvuna: hupita Afrika Mashariki na kumalizia Madagaska.

Jina ni la Eleonora wa Arborea, mtawala wa sehemu ya Sardinia katika karne ya 14, ambaye sheria zake za mwaka 1392 zilikataza kuiba makinda ya kozi viotani. Mlinzi wa ndege wa mapema kiasi hicho anastahili nafasi yake katika orodha yoyote.

Mwanafunzi wa kwanza

Wageni wa Kalloni hujiona wagunduzi, lakini wamechelewa kwa miaka zaidi ya 2,300. Karibu mwaka 345 kabla ya Kristo Aristotle alihamia Lesvos, nyumbani kwa rafiki yake Theophrastus wa Eresos, na sehemu kubwa ya aliyoyaandika juu ya wanyama, samaki hasa, inataja maji haya haya, ghuba ambayo wakati ule ilijulikana kwa mji wa Pyrrha. Pengine ndipo mahali pa kwanza duniani ambapo mtu alikaa na kuchunguza viumbe hai kwa utaratibu na kuandika alichokiona.

Kuhusu safari za ndege, alipata na kukosa. Alisema korongo wakubwa wa nyika za kaskazini huenda hadi kwenye mabwawa anakotoka Mto Nile, na hilo ni zuri sana kwa mtu ambaye hakuwa na ramani ya Afrika. Papo hapo akaandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi, hali wamepukutika manyoya. Kosa hilo lilidumu kuliko mji wa Pyrrha.

Lililosaidia kulizika lilitoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale umepenya shingoni. Mshale ulikuwa wa urefu wa sentimita 80 hivi, wa mti wa Afrika ya kati. Ndege alikuwa amefumwa huko, hakufa, akarudi nao Ulaya. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale ukiwa mahali pake. Lesvos korongo weupe hujenga juu ya mabomba ya moshi na nguzo, na ni wachache kwa sababu iliyo wazi: korongo hupaa kwa kupandishwa na hewa ya moto inayotoka ardhini, na baharini hewa hiyo haipo. Ndugu zao wengi huzunguka kwa Bosphorus na Mashariki ya Kati ili wasivuke maji mengi. Kati ya wasafiri wakubwa, ni mwoga wa bahari nambari moja.

Kwa asiyependa ndege hata kidogo, magharibi kati ya Sigri na Eresos upo msitu uliogeuka mawe baada ya kufunikwa na majivu ya volkano miaka kama milioni 20 iliyopita. Mwaka 2021 kazi za barabara zilifukua mti mzima wa mita 19.5, matawi na mizizi ikiwamo. Nusu siku inatosha.

Rekodi za aibu

Bahari ya Mediterania ina taji jingine ambalo hakuna kipeperushi cha safari kinacholitaja. BirdLife International ilikadiria mwaka 2015 kwamba kati ya ndege milioni 11 na 36 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria katika eneo hili kila mwaka. Cyprus hutumia nyavu na ulimbo, ule ule wanaotumia watoto wa kwetu, uliopakwa kwenye vijiti na kuegeshwa mitini. Ndege wa gramu 20 hunasa miguu, hujaribu kujinasua kwa mdomo, mdomo nao ukanasa. Huliwa mzima mezani kwa siri na kwa bei kubwa. Malta imefikishwa katika mahakama ya Ulaya kwa sababu ya uwindaji wa majira ya kuchipua, yaani kuwapiga wakiwa njiani kwenda kuzaa.

Na katika mlango ule mwembamba wa bahari, mwaka 2015, watu kama 500,000 walivuka kutoka Uturuki kwa boti za mpira na mashua hadi fukwe za Lesvos. Wengi walikuwa Wasyria na Waafghani. Miaka iliyofuata katika kambi ya Moria walikuwapo Wakongo na Wasomali pia, hadi ilipoungua Septemba 2020. Wageni wa ndege walipungua sana kwa muda, na wenyeji waliowategemea waliumia. Sasa mabasi madogo yamerudi.

Mwigaji

Nimemweka mwisho kwa sababu hufika mwisho. Acrocephalus palustris, binamu wa yule mpiga kelele wa Metochi, hupita Mediterania mashariki Mei ikiwa imeshika kasi, makundi mengi ya wageni yakiwa yamekwisha kurudi nyumbani. Anayebaki kisiwani huweza kumpata, kwa nadra.

Kimsingi hana wimbo wake. Françoise Dowsett-Lemaire, mtaalamu aliyefanya kazi Ubelgiji, alichapisha mwaka 1979 uchambuzi wa nyimbo za madume 30 na kukuta sauti za aina 212 za ndege wengine. Aina 99 zilikuwa za Ulaya. Zilizobaki 113 zilikuwa za Afrika, hasa mashariki. Dume mmoja kwa wastani alibeba sauti za aina 76, akizichanganya bila kupumua, mbayuwayu wa Ubelgiji akifuatwa na ndege wa vichaka vya Kenya. Anajifunza yote katika mwaka wake wa kwanza; kwa kusikiliza tu, mtafiti aliweza kukisia ndege alipitia wapi.

Hapa ndipo msomaji wa Nairobi, Arusha au Voi anapompita mgeni aliyelipa tiketi ya Lesvos. Ngulia, katika Tsavo Magharibi, wapiga pete wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1969. Usiku wa Novemba na Desemba, mwezi ukiwa haupo na ukungu umelala kilimani, taa za hoteli huwavuta ndege wanaoshuka kutoka kaskazini. Alfajiri wanakuwa wengi nyavuni, na huyu mwigaji ni miongoni mwa wale wanaokamatwa kwa wingi zaidi. Hupimwa, huvishwa pete, huachiwa. Unaweza kumtazama mkononi mwa mtu, kitu ambacho kiongozi wa Kalloni hawezi kukuahidi kwa bei yoyote.

Usiku wa mwisho wa safari, daftari likishafungwa, kila mgeni huulizwa ataje ndege mmoja aliyempendeza kuliko wote. Mara nyingi hushinda yule wa Achladeri, kwa kuwa ndiye waliyemlipia. Heroe hupata kura ya mume au mke aliyeletwa bila kupenda. Mwigaji hapati kura hata moja; wiki hiyo bado yuko njiani. Yangu ingemwendea hata hivyo.